Joto la Machi na mashamba ya matufaha ya magharibi mwa Michigan

Wiki hii magharibi mwa Michigan tumekuwa na joto ambalo kwa kawaida huja karibu na mwisho wa Mei. Mchana nyuzi joto zimepita 22 za Selsiasi, ilhali wastani wa mchana mjini Grand Rapids mwishoni mwa Machi ni takriban nyuzi 10 tu, na kila baada ya saa kadhaa wingu zito huja, humwaga mvua ya muda mfupi, kisha jua huwaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wamevua makoti, watoto wamerudi kucheza nje, na katika makundi yetu ya WhatsApp salamu za kupongezana kwa kuvuka baridi hazikatiki. Naielewa furaha hiyo, kwa maana miezi ya giza na theluji humchosha hata mtu aliyezaliwa huku. Hata hivyo, mimi hufanya kazi katika shamba la matufaha, na kwa shamba la matufaha joto la Machi ni habari mbaya. Napenda kueleza sababu zake kwa kirefu, kwa kuwa wengi wetu tunaozungumza Kiswahili katika eneo hili tunaishi kwa kazi za msimu mashambani na katika maghala ya kufungashia matunda, na kazi hizo za Septemba na Oktoba huamuliwa sasa, wakati ambapo hakuna anayezifikiria.

Ukanda wa matunda wa Michigan upo hapa ulipo kwa sababu ya ziwa. Maji ya Ziwa Michigan huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, kwa hiyo upepo wa magharibi unaovuka ziwa huwa wa baridi katika majira ya kuchipua na huwa wa vuguvugu katika majira ya mapukutiko. Ubaridi huo wa Machi na Aprili, ambao sisi wageni huulalamikia sana, ndio unaoizuia miti isichanue mapema, na kwa zaidi ya karne moja wakulima wamepanda cheri, pichi na matufaha kandokando ya ziwa wakiutegemea. Kaskazini-magharibi mwa Grand Rapids, kuelekea mji mdogo wa Sparta, kuna mwinuko mrefu uitwao Fruit Ridge ambao una faida ya pili: hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya vuguvugu, kwa hiyo usiku huteremka kutoka kwenye miinuko na kutuama mabondeni, na miti iliyo juu husalimika wakati nyasi za bondeni zimekuwa nyeupe kwa jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi. Mimi nimekulia Njombe, ambako matufaha hulimwa pia na ambako jalidi ya Juni na Julai huweza kubabua viazi mviringo vya bondeni huku vya mlimani vikibaki kijani, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Jambo nililojifunza huku ni kwamba ziwa nalo lina masharti yake, nayo ni upepo utoke magharibi.

Wiki hii upepo hautoki magharibi. Unatoka kusini, na umesafiri kutoka Ghuba ya Meksiko bila kugusa maji baridi, ukiwa umebeba joto na unyevu pamoja. Ndiyo maana joto hili limeambatana na mvua za kupita: hewa yenye unyevu mwingi inapokanyaga ardhi iliyopashwa na jua la asubuhi huinuka haraka, na kwa kuwa angani juu bado kuna ubaridi wa mwisho wa majira ya baridi, mawingu hufura kabla ya saa sita mchana na kumwaga maji alasiri. Ziwa lipo palepale, na maji yake bado ni baridi kiasi kwamba mtu hawezi kuyavumilia kwa dakika chache, lakini ubaridi huo hautufikii.

Mwaka ambao kila mkulima wa hapa huutaja hali ya namna hii inapojitokeza ni 2012. Katikati ya Machi mwaka ule, ule mkondo wa upepo mkali wa angani unaotenganisha hewa ya kusini na hewa ya kaskazini ulijipinda na kupanda hadi Kanada, na mgandamizo mkubwa wa hewa ukatuama juu ya mashariki mwa Marekani kwa zaidi ya wiki moja. Majira ya baridi yalikuwa yamepita bila theluji nyingi, kwa hiyo jua halikuwa na theluji ya kuyeyusha, na nguvu yake yote iliingia kwenye udongo na hewa. Jiji la Chicago lilivunja rekodi ya joto ya tarehe husika kwa siku tisa mfululizo, na Machi 21 lilipita nyuzi 30. Katika mji wa Pellston, ulio kaskazini mwa jimbo letu na unaojulikana kwa baridi yake kali, Machi 22 ilifika nyuzi 29, ilhali rekodi ya zamani ya tarehe hiyo ilikuwa chini ya nyuzi 12. Kulikuwa hata na vituo ambako kiwango cha chini kabisa cha usiku kilizidi rekodi ya zamani ya mchana. Nchini kote zaidi ya rekodi 15,000 za joto zilivunjwa mwezi huo. Machi 15 kimbunga cha tornado kiliupiga mji wa Dexter, mashariki mwa jimbo, kikaharibu nyumba zaidi ya mia moja, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyepoteza maisha.

Mimi sikuwa hapa mwaka huo. Nimesimuliwa na mzee msimamizi wa shamba letu, ambaye huzungumzia Machi ile kwa sauti ya chini na hukumbuka mambo madogo madogo, kama vile nyuki waliotoka mapema kutafuta maua ambayo hayakuwapo bado, na miti ya cheri iliyochanua takriban mwezi mzima kabla ya wakati wake. Nilipomuuliza ikiwa watu walijua kitakachofuata, alinijibu kwamba wakulima walijua tangu siku ya tatu ya joto, na kwamba hapakuwa na lolote la kufanya isipokuwa kuitazama miti ikiendelea.

Ili kuelewa kwa nini hapakuwa na la kufanya, inafaa kufahamu jinsi mti wa tufaha unavyolala na kuamka. Mti huu unahitaji baridi. Katika majira ya baridi hukusanya saa za ubaridi, yaani saa ambazo hewa iko kati ya nyuzi sifuri na 7 hivi, na aina nyingi zinazolimwa Michigan huhitaji takriban saa 1,000 kabla ya matumba yake kuwa tayari kufunguka. (Aina zinazolimwa Afrika Mashariki, kama ile ya Anna iliyozalishwa Israeli, zimechaguliwa kwa sababu zinahitaji saa chache sana.) Hapa Michigan hesabu hiyo kwa kawaida huwa imetimia kabla Machi haijafika. Kuanzia hapo mti haulali tena kwa sababu ya maumbile yake. Unazuiliwa tu na baridi ya nje, na baridi hiyo ikiondoka, iwe ni Februari au Mei, mti huanza safari na hauna njia ya kurudi. Tumba lililokwisha kufunguka halijifungi tena.

Watu wa nyanda za juu za kusini watanielewa nikisema kwamba ni kama mvua za mwanzo za Novemba, ambazo hunyesha vizuri kwa siku chache hadi mahindi yakaota, kisha hukatika kwa wiki tatu na miche yote ikanyauka. Mbegu iliyobaki kavu ardhini ingesubiri. Iliyoota ndiyo inayokufa.

Uwezo wa tumba kustahimili baridi hupungua kadiri linavyofunguka, na hapa ndipo ningependa wasomaji watulie kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha jambo. Katikati ya Januari matumba ya tufaha huvumilia baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri na hata zaidi. Tumba linapoonyesha ncha ya kijani, kama yalivyo ya shamba letu wiki hii, nyuzi 8 chini ya sifuri huua takriban moja katika kila kumi, na nyuzi 12 chini ya sifuri huua tisa katika kumi. Maua yakiwa yamekunjuka kabisa, nyuzi 2 tu chini ya sifuri kwa nusu saa huua moja katika kumi, na nyuzi 4 chini ya sifuri huua tisa katika kumi. Jedwali hili limebandikwa ukutani katika chumba chetu cha kulia chakula, limepauka na limejaa alama za kalamu, na kila anayepogoa au kupiga dawa hapa analijua karibu kwa moyo. Tofauti kati ya mavuno kamili na hasara ni nyuzi mbili za usiku mmoja, nazo ni nyuzi ambazo mtu aliyelala nyumbani kwake hatatambua kwamba zimepungua.

Asubuhi baada ya usiku wa namna hiyo mimi hutumwa kukata matumba. Unachukua wembe, unachuma vitawi kutoka sehemu ya chini, ya kati na ya juu ya mti, na unalipasua kila tumba kwa upana, katikati kabisa. Lililo hai ni kijani kibichi hadi ndani na lina unyevu unaong'aa. Lililokufa kwa nje halina tofauti yoyote, linaweza hata kuendelea kufunguka na kutoa ua zuri jeupe lenye wekundu wa pembeni, lakini katikati, pale ambapo tunda lingeanzia, pana doa la kahawia iliyokoza, dogo kama punje ya ulezi. Baada ya jua kupanda doa hilo huwa jeusi. Kila kitawi cha tufaha hubeba kwa kawaida maua matano au sita, na ua la katikati ndilo hutangulia na ndilo hutoa tunda kubwa, kwa hiyo ndilo pia huuawa kwanza. Si lazima matumba yote yapone. Ikiwa hata moja kati ya kumi litapona na kushika tunda, mkulima anaweza kupata mavuno ya kuridhisha. Jambo hilo hutufariji hadi usiku wa pili wa jalidi, na wa tatu.

Wapo watakaouliza kama hakuna kinga. Ipo, na ni ya gharama. Mashamba mengi ya Fruit Ridge yana feni kubwa juu ya minara, zenye mapanga marefu na injini zinazotumia gesi au dizeli, ambazo kazi yake ni kuvuta hewa ya vuguvugu iliyo juu na kuichanganya na hewa baridi iliyotuama chini. Feni moja huhudumia takriban hekta nne na huongeza nyuzi moja hadi tatu, nazo, kama tulivyoona kwenye jedwali, ni nyuzi zinazotosha kuokoa msimu. Wengine hukodi helikopta zipite juu ya miti alfajiri, na wengine, hasa wenye mashamba ya stroberi na bluberi, hunyunyizia maji usiku kucha, kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto linalolizuia ua lisishuke chini ya sifuri, mradi maji yasikatike kabla barafu haijaanza kuyeyuka. Njia ya feni inahitaji usiku mtulivu usio na mawingu, ambapo juu kuna hewa yenye joto kuliko chini. Ikiwa baridi imeletwa na upepo mkali kutoka Kanada, hewa ni baridi ileile kuanzia chini hadi juu na feni haina cha kuvuta. Mwaka 2012 jalidi ilirudi usiku baada ya usiku katika Aprili, baadhi ya nyakati kwa utulivu na baadhi kwa upepo, na wakulima walichoma mafuta mengi kuokoa maua ambayo mwishowe hayakuokoka.

Matokeo yake yanajulikana. Michigan hutoa takriban robo tatu ya cheri chachu zote za Marekani, karibu zote za aina moja, Montmorency, inayochanua kwa pamoja, na mwaka ule jimbo lilipoteza takriban asilimia 90 ya cheri hizo. Matufaha nayo yalipotea kwa kiwango kama hicho. Viwanda vya kutengeneza jamu na mkate wa cheri viliagiza matunda kutoka Poland. Wakulima wa cheri chachu hawakuwa na bima ya mazao ya aina yao, kwa hiyo hasara iliwaangukia wenyewe. Mwaka uliofuata, 2013, miti iliyokuwa imepumzika ilizaa matufaha kwa wingi mno, jambo ambalo linaonyesha kwamba mti wenyewe haukudhurika.

Aliyedhurika ni mchumaji. Ninasema hili kwa sababu katika taarifa za hasara za kilimo nilizosoma, mahesabu huanza kwa mwenye shamba na huishia kwa mwenye kiwanda, na mara chache sana hufika kwa mama anayesimama kwa muda wa saa nane mbele ya mkanda unaopitisha matufaha akiondoa yenye mchubuko. Shamba lisilo na matunda halihitaji wachumaji, ghala lisilo na matufaha halihitaji zamu ya usiku, na mtu aliyepangia kodi ya nyumba ya miezi ya baridi kwa malipo ya Septemba hana mtu wa kumfidia. Familia nyingi zilizofika Grand Rapids kutoka Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Burundi zimeanzia maisha mapya katika maghala haya, kwa sababu kazi hiyo haidai Kiingereza kingi. Ndiyo maana naomba tusiichukulie hali ya hewa ya Machi kama jambo la Wamarekani wenye mashamba.

Sasa nirudi kwenye mvua, kwa kuwa nazo zina sehemu yake katika wasiwasi huu. Mtu wa kawaida huona mvua za kupita kuwa baraka, na kwa udongo ni baraka. Kwa matufaha zina hatari ya pekee. Chini ya kila mti kuna majani makavu ya mwaka jana, na ndani ya majani hayo kuna kuvu, Venturia inaequalis kwa jina lake la kisayansi, aliyelala humo wakati wote wa theluji. Mvua ya mchana ya majira ya kuchipua ndiyo inayomwachia: matone yanapoyalowesha majani makavu, kuvu hurusha mbegu zake hewani, nazo hutua kwenye majani machanga na kusababisha madoa meusi yenye magamba ambayo baadaye hulifanya tunda lisiuzike. Mbegu hizo zinahitaji jani libaki na maji kwa muda fulani ili ziingie, na muda huo hutegemea joto. Kwenye nyuzi 10, ambazo ndizo kawaida yetu ya wakati huu, jani linapaswa kubaki na maji kwa takriban saa 11. Kati ya nyuzi 16 na 24 saa 6 zinatosha. Kwa hiyo mvua ileile ambayo katika Machi ya kawaida ingekauka bila madhara, katika joto la wiki hii inaweza kuambukiza shamba zima kabla ya chakula cha jioni, hasa inapokuja kwa vipande vipande, moja asubuhi, nyingine adhuhuri, na wingu likatanda katikati yake ili jani lisipate nafasi ya kukauka.

Kinga ya ugonjwa huo ni kupiga dawa kabla ya mvua, na mwanzoni mwa msimu tunatumia dawa ya shaba, ndugu ya mrututu ambao wakulima wa kahawa wa Mbeya na Kilimanjaro wanaujua vizuri. Lakini trekta lenye bomba la dawa ni zito, udongo umelowa na haujaganda, na kati ya safu za miti magurudumu yanazama hadi nusu. Upepo wa kusini nao unavuma kwa nguvu, na hairuhusiwi wala si haki kupiga dawa itakayopeperushwa hadi kwa jirani. Jana tulipata mwanya mmoja tu, tangu alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na tukaufanyia kazi kwa haraka huku msimamizi akiangalia kwenye simu yake vipimo vya Enviroweather, ule mtandao wa vituo vya hali ya hewa vya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan ambao huwaonyesha wakulima saa za unyevu wa majani na jumla ya joto lililokusanywa. Nimesomea kilimo Morogoro, na tangu nifike huku sijaona huduma ya umma ninayotamani zaidi ingekuwapo kwetu, kituo kwa kituo, tarafa kwa tarafa.

Mabadiliko ya tabianchi yanaingiaje hapa? Joto la wastani la majira ya baridi katika eneo la Maziwa Makuu limepanda, na barafu juu ya maziwa imekuwa ikipungua tangu miaka ya 1970. Joto la ghafla kabla ya wakati si jambo la mwaka 2012 peke yake. Mwaka 2002 pia cheri za Michigan ziliharibiwa kwa namna inayofanana, na Februari 27, 2024 Chicago ilipita nyuzi 20 kabla ya kushuka chini ya sifuri usiku uleule, huku tornado ikipiga mji wa Grand Blanc, hapa Michigan, kabla hakujapambazuka. Wapo wanaosema kwamba ikiwa dunia inapata joto, basi jalidi itakwisha na wakulima watafaidika. Nimelisikia hilo mara nyingi na sikubaliani nalo. Miti huanza safari yake kwa kufuata joto la mchana la Machi, wakati jalidi huletwa na hewa ya kaskazini ya Aprili na Mei, na hewa hiyo bado ipo. Msimu ukianza wiki tatu mapema na jalidi ya mwisho ikasogea nyuma kwa siku chache tu, mti unakuwa umeongezewa wiki za kuwa hatarini.

Kuhusu wiki hii yenyewe, utabiri unaonyesha kwamba upepo utageuka Jumatano na usiku wake tutashuka hadi nyuzi 4 chini ya sifuri. Kwa matumba yaliyofikia ncha ya kijani baridi hiyo haitadhuru chochote, na kwa kweli itatusaidia kwa kuyapunguzia mwendo. Ninachokiombea ni Aprili ya baridi, yenye mawingu, upepo wa ziwani na mvua ya kuchosha, ile ambayo kila mtu huilaani. Maua ya tufaha katika eneo hili kwa kawaida hukunjuka katika nusu ya kwanza ya Mei, na jalidi ya mwisho huja kwa wastani karibu na wakati huohuo, kwa hiyo hata katika mwaka wa kawaida nafasi ni finyu. Yakikunjuka katikati ya Aprili, itabidi yavuke karibu mwezi mzima wa usiku wenye hatari.

Mama mmoja mzaliwa wa Uvira, ambaye bustani yake ya jumuiya inapakana na yangu, aliniambia Jumapili, "Dada, udongo imekwisha kupata moto, kesho niko napanda maharagi." Nilimwomba, "Mama, tafadhali subiri kidogo, maharage hayawezi baridi itakayokuja," naye akanionyesha kwamba mbegu zilikuwa tayari zimelowekwa. Tulikubaliana apande nusu na abakize nusu. Kwa wengine wenye bustani ndogo ndogo, mnaweza kupanda sasa njegere, vitunguu, spinachi, kabichi na sukuma wiki, ambazo huvumilia jalidi nyepesi. Maharage, mahindi, maboga, matango, nyanya na lengalenga (mchicha) yasubiri hadi baada ya katikati ya Mei. Aliyekwisha kupanda afunike miche yake kwa shuka au blanketi jepesi Jumatano kabla jua halijazama, ili joto la udongo lisipotee, na alifunue asubuhi baada ya jua kupanda. Karatasi ya nailoni isiguse majani, kwa sababu mahali inapogusa ndipo jani huungua.

Wanaofanya kazi katika maghala wanaweza kumuuliza msimamizi wao, kuanzia wiki ya pili ya Mei, hali ya maua ikoje katika mashamba yanayowaletea matunda. Kufikia wakati huo jibu litakuwa limekwisha kujulikana, na bado kutakuwa na miezi mitatu ya kutafuta kazi nyingine ikiwa itahitajika.